Mwanamke Aliyekosa: Tunampima kwa Mizani Gani?



Safari hii tunaomba ruhusa kuacha kidogo mafundisho ya kawaida ya ukurasa huu, ili tujaribu kujibu swali tuliloulizwa na wamama wetu. Walikuwa wametoka kuwatembelea wafungwa, kama ilivyo desturi, wakiwa na sufuria za bukari na sombe, ndagala wakavu na vipande vya sabuni. Upande wa wanaume walikuta umati. Upande wa wanawake walikuta watu wa kuhesabu kwa vidole, na mmoja wao alikuwa ananyonyesha. Waliporudi, mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi neno katika mkutano, alisimama mbele ya wazee akauliza: “Baba zetu, wale wanawake ni wachache hivi kwa sababu sisi ni wema kuliko ninyi, au kwa sababu tunajua kuficha? Na wale waliofungwa, wao ni wanawake wa namna nyingine?” Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Siku ile hatukuwa na jibu. Mzee mmoja alijaribu kwa methali, kisha akakaa chini. Tuliahidi kutafuta, nasi tumetafuta: kwa ndugu waliosoma sheria, kwa waalimu, na katika Maandiko. Tunawaletea tulichokipata, tukijua kwamba sehemu ya mwisho haitawafurahisha wote, maana inatuhusu sisi wenyewe.

Tuanze na hesabu, maana mama yule aliona sawasawa. Hesabu zilizokusanywa duniani na kutolewa mwaka 2022 zilionyesha wanawake na wasichana zaidi ya 740,000 magerezani, na hao walikuwa karibu 7 tu katika kila wafungwa 100. Katika Afrika ni wachache zaidi, kama 3 katika 100. Basi jambo hili si la Kalemie wala la Kongo peke yake. Kila mahali mwanamke huletwa mbele ya hakimu mara chache kuliko mwanamume, na kwa kosa la kumwaga damu ni mara chache zaidi.

Wenye elimu walijaribu zamani kueleza sababu. Mwaka 1893 daktari Mwitaliano aitwaye Cesare Lombroso, pamoja na Guglielmo Ferrero, walitoa kitabu kizima juu ya mwanamke mhalifu. Lombroso alikuwa akipima mafuvu na taya za watu, akidhani kwamba uovu umeandikwa katika mifupa. Alifundisha kwamba mwanamke mhalifu ni nadra, lakini akitokea ni kioja, mbaya kuliko mwanamume, kwa kuwa ameiasi hata asili ya kike. Baadaye, mwaka 1950, Otto Pollak huko Marekani akaandika karibu kinyume chake: kwamba wanawake wanakosa kwa wingi sana, ila ni hodari wa kuficha. Wataalamu wa leo wameyakataa mawazo hayo yote mawili. Lakini kaa bandarini ukingojea boti ya Moba, sikiliza watu wakizungumza juu ya mwanamke aliyekamatwa, utayasikia yote mawili katika nusu saa, na wasemaji hawajapata kulisikia jina la Lombroso.

Nasi kanisani tumeyavika mavazi ya Biblia. Siku moja tunahubiri kwamba mwanamke ni Eva, mlango wa dhambi, na hila zake hazina mwisho. Siku nyingine, hasa kwenye sikukuu ya wamama, tunahubiri kwamba mama ni moyo wa huruma na hawezi kudhuru. Ndipo anapotokea mmoja aliyedhuru, hatuna mahali pa kumweka. Tunasema: huyu si mwanamke, huyu ana pepo. Au tunasema: huyu ni mchawi. Neno hilo tutalirudia.

Kwamba mwanamke anaweza kufanya uovu mkubwa kabisa, watu wa upande wetu wa Afrika hatuhitaji kufundishwa. Pauline Nyiramasuhuko wa Rwanda alikuwa amesomea kazi ya kusaidia jamii, tena alikuwa waziri wa jamaa na maendeleo ya wanawake. Mwaka 1994 aliwahimiza wauaji huko Butare, mji wa kwao, na aliagiza wanawake wabakwe kabla ya kuuawa. Alikimbilia nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kisha akakamatwa Nairobi mwaka 1997. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu tarehe 24 Juni 2011 pamoja na mwanawe wa kiume. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Kifungo cha maisha kilipunguzwa mwaka 2015 kikawa miaka 47.

Tunamtaja kwa sababu anafunga midomo ya wale wanaosema kwamba roho ya mwanamke imeumbwa bila sumu. Lakini mtazameni vizuri. Alikuwa na gari, askari, redio na sauti ya Serikali. Alipopata vitu hivyo alitenda kama wanaume wabaya wenye vitu hivyo wanavyotenda. Basi inaonekana kwetu kwamba tofauti ya makosa ya wanawake na ya wanaume haitoki sana katika namna ya roho zao. Inatoka kwa sehemu kubwa mahali wanaposimama: nani ana nguvu, nani ana fedha mkononi, nani anaweza kuondoka nyumbani usiku na nani hawezi. Moyo ni mmoja. Njia ni mbalimbali.

Tuzitazame njia hizo, maana hapo ndipo lilipo jambo.

Njia ya kwanza ni deni. Mama anauza ndagala. Anachukua mali kwa tajiri akiahidi kurudisha fedha jioni, au anaweka akiba ya wenzake ya likelemba, au mtoto anaugua na yeye anakopa kwa wale watu wa riba ambao wengi wanawaita Banque Lambert, ambako anayechukua mia moja anaweza kudaiwa mia moja na hamsini mwezi ukiisha. Ndagala wanaoza, au mvua inaharibu barabara na mali haiji, au mtoto anakufa na fedha imekwenda katika dawa na jeneza. Mwenye fedha anakwenda kwa polisi. Deni peke yake si kosa la kumfunga mtu. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1966, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, yanakataza kabisa mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Kwa hiyo deni hubadilishwa jina. Linaitwa kuvunja uaminifu, kosa ambalo kitabu cha sheria ya adhabu cha 1940 kinaliadhibu kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Tunakubali kwamba wako wanaoiba kweli, na tumewaona hata katika sanduku la kanisa. Lakini yule ambaye fedha zilimpotea na yule aliyezila wanaingia katika kasho moja.

Njia ya pili ni mwanamume. Wanaochunguza habari za wafungwa wanawake katika nchi nyingi wanasema jambo lilelile: mara nyingi kosa la mwanamke limefungamana na mtu wa karibu. Alificha mali iliyoibwa na bwana yake. Alibeba mzigo bila kuuliza kuna nini ndani. Pengine hata hakutenda neno: kijana amekimbia, polisi wamefika nyumbani, wanamchukua mama “mpaka mtoto atokee”. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema wazi kwamba mtu hashikwi kwa kosa la mwingine; na nabii Ezekieli alikuwa amekwisha kufundisha hivyo katika sura ya 18, zamani sana kabla hakujakuwa na Katiba wala Kongo.

Njia ya tatu ni kipigo. Hapa tunaomba msome polepole. Mwanamume anayeua mara nyingi anaua kwa haraka: pombe, ugomvi, kisu. Mwanamke anayemuua bwana yake mara nyingi amepigwa miaka. Mwanasaikolojia Mmarekani, Lenore Walker, alieleza mwaka 1979 jinsi mtu anayepigwa nyumbani anavyokwenda kwa mzunguko: hasira inajengeka, kipigo kinakuja, halafu majuto na zawadi na maneno matamu, halafu tena. Polepole moyo wake unajifunza kwamba hakuna analoweza kufanya likabadilisha kitu. Anaacha kutafuta mlango. Watu wa nje wanasema, mbona hakuondoka? Angekwenda wapi? Kwa wazazi, mahari ilikwisha kuliwa. Kwa mchungaji, aliambiwa avumilie na kuomba. Sisi tunajua aliambiwa hivyo, kwa kuwa ni sisi tuliomwambia.

Basi siku anapotenda, hatendi katika ugomvi, kwa maana katika ugomvi yeye ndiye mwenye kushindwa. Anangoja mtu amelala. Au anatia kitu katika chakula. Na sheria inaitazama saa ile ya kungoja, inasema: huyu alikusudia mapema. Mauaji ya kukusudia mapema adhabu yake ni kifo, na kuua kwa sumu kumewekewa kifungu chake cha pekee, cha 49, nacho adhabu yake ni kifo. Tangu mwaka 2003 watu walikuwa wakihukumiwa kifo lakini hawanyongwi. Machi 2024 Serikali ilitangaza kwamba kizuizi hicho kimeondolewa. Kwa hiyo hatusemi maneno ya vitabuni tu. Mwenye nguvu akiua kwa ngumi zake hupata kuitwa mtu wa hasira. Mnyonge, ambaye hana ngumi, huitwa mtu wa hila. Je, Mungu naye anahesabu hivyo? Tunawaachia swali hili mlichukue nyumbani.

Tuongeze neno juu ya njia ya nne, ambayo watu hawapendi kuitaja, yaani mama aliyemdhuru mtoto aliyemzaa. Waganga wanatufundisha kwamba baada ya kuzaa wanawake wengi hushikwa na huzuni nzito, na kwamba kama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000 huchafukiwa na akili kabisa: halali, anasikia sauti, anamwona mtoto kuwa si mtoto. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanalo neno katika sheria zao kwa mama ambaye, akili ikiwa imevurugika kwa sababu ya kuzaa, amemwua mtoto asiyefika miezi 12. Hahukumiwi kama muuaji wa kawaida. Sheria yetu ya 1940 haina mlango huo. Na katika makanisa yetu, tuseme kweli, mama anayesikia sauti baada ya kuzaa anaombewa, anafungishwa chakula, anawekwa chumbani peke yake na mtoto. Kuomba ni kwema. Kumfungisha chakula mzazi anayenyonyesha, na kumwacha peke yake na mtoto, si imani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na maombi yamfuate huko.

Sasa tunafika kwetu.

Miaka michache iliyopita, katika kusanyiko moja la kanisa letu, binti mmoja mwimbaji alificha mimba. Alijifunga nguo miezi tisa. Alipita katika maungamo mara tatu kabla ya ibada kubwa, kama tunavyopita wote, na mara tatu hakusema kitu. Alizaa peke yake usiku, na asubuhi mtoto alikutwa amekufa. Kama alikufa tumboni au baada ya kuzaliwa, hatukujua wakati ule na hatujui hata leo. Binti alichukuliwa. Sisi wazee tulikutana siku ya tatu, tukalifuta jina lake katika daftari, na somo la Jumapili lilikuwa juu ya Yezebeli. Hakuna aliyempelekea hata sabuni mpaka mwezi wa pili, na aliyempelekea ni yule mama mzee tuliyemtaja mwanzoni, naye hakutuomba ruhusa.

Mwanamume aliyempa mimba tulimjua baadaye. Jamaa zake walilipa kitu kwa jamaa ya binti, watu wakanyamaza. Hakuitwa mbele ya wazee. Hakufutwa. Tuliendelea kusikia sauti yake katika nyimbo.

Ninyi msomao mmekwisha kulikumbuka andiko. Katika Mwanzo 38, Yuda anaambiwa kwamba Tamari, mkwe wake mjane, ana mimba ya uzinzi. Hakungoja. Aliamuru atolewe nje achomwe. Ndipo Tamari akampelekea pete, kamba na fimbo, akiuliza ni za nani. Na Yuda akakiri mbele ya watu kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kuliko yeye. Tumelisoma andiko hilo mara nyingi, na tumelihubiri kama habari ya kizazi cha Daudi. Hatujalihubiri hata mara moja kama habari ya hakimu. Tamari alikuwa amefunika uso na kukaa njiani kama kahaba, na Maandiko hayasemi kwamba jambo lile lilikuwa zuri. Lakini Yuda alikuwa amemnyima haki ya mjane, akamrudisha kwa baba yake, akamfungia kila mlango isipokuwa mmoja. Alipopita katika mlango ule uliobaki, yeye Yuda akataka kuni. Tena Yuda alikuwa na jambo moja ambalo sisi hatukuwa nalo: alipoonyeshwa fimbo yake, aliitambua.

Hata sheria ya nchi ilikuwa na macho ya namna hii. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimwadhibu bibi kwa uzinzi wowote, lakini bwana aliadhibiwa tu ikiwa uzinzi wake ulifanywa kwa namna ya kumtukana bibi vikali. Marekebisho ya mwaka 2016 ndiyo yaliyowaweka katika mstari mmoja. Sheria imeona. Daftari letu la kanisa bado.

Kwa watu wa kanisa la manabii kuna habari nyingine inayopaswa kutuuma zaidi. Kimpa Vita, yule binti wa Kongo ya zamani ambaye Wazungu walimwita Dona Beatriz, alihubiri tangu mwaka 1704, akawakusanya watu warudi Mbanza Kongo uliokuwa umeachwa magofu kwa vita. Wengi wanamhesabu kuwa alitangulia mbele ya Simon Kimbangu. Naye aliyekuwa akifundisha usafi alishika mimba, akaificha, akazaa kwa siri, na akakamatwa na mtoto mikononi. Tarehe 2 Julai 1706 alichomwa moto, baada ya baraza la mfalme kumhukumu, na mapadre wa Kapusini walikuwapo. Mtoto aliponea chupuchupu kwa maombezi ya padre mmoja. Lakini angalieni: Barro, mwanamume aliyekuwa mwenzake, alichomwa pamoja naye. Hatuusifu moto ule, hasha. Tunasema tu kwamba katika jambo hili moja wale wachomaji wa 1706 walitutangulia sisi. Mwanamume naye aliitwa.

Kwa nini Kimpa Vita alificha? Alikuwa na watu maelfu waliomwamini kuwa mtakatifu. Kwa nini binti yetu alificha? Tulimwuliza baadaye, alipokuwa amekwisha kutoka. Alijibu kwa neno moja: “Haya.” Aliogopa gereza kidogo, sisi alituogopa sana. Mahali tulipopafanya pa kuungamia pamekuwa mahali ambapo mtu akisema kweli leo, jioni kijiji kizima kinajua, na kesho hana kiti. Basi wenye hofu wanajifunza kunyamaza mbele ya manabii. Na ndugu wengine wameuliza kwa haki: kwa nini Roho hakumwonyesha nabii hata mmoja mimba iliyokuwa mbele ya macho yake mara tatu? Sisi hatuthubutu kusema kwa niaba ya Roho. Ila tunakumbuka kwamba katika miezi ileile manabii wa kusanyiko lile waliona maono mengi juu ya wajane.

Hapo tulirudie neno la uchawi. Mwaka 2021 katika Kivu ya Kusini wanawake wazee walioitwa wachawi waliuawa na makundi ya vijana, wengine wakachomwa, na waliowataja wengine wao walikuwa watu waliojiita manabii. Sheria ya nchi tangu zamani inakataza kumjaribu mtu kwa mateso ili kujua kama ni mchawi. Katika mtaa, mtu mwenye kuitwa mchawi ni nani? Ni mwanamke, mzee, mjane, hana mtoto wa kiume wa kumtetea, tena ana ulimi mkali. Tunaomba radhi, lakini hizo si dalili za uchawi, ni dalili za kuwa peke yake. Tazameni basi jinsi mambo yanavyokwenda: mwanamke aliyekosa kweli tunasema ni mchawi, na mwanamke asiyekosa kitu tunampatia kosa la uchawi ili tuwe na wa kumlaumu. Kwa wote wawili tumeepuka kazi ngumu ya kuuliza nini kilitokea.

Tunajua wako watakaotujibu: “Wazee, mnawatetea wakosaji. Kila mtu ana taabu. Wanawake maelfu hapa Kalemie walikimbia vita vya 2016 na 2017, wakalala chini ya turubai kule Katanika, na hawakumwua mtu wala kuiba mihogo ya mtu.” Ni kweli kabisa, na jibu hili ni zito. Walio wengi katika njia zile nne hawakukosa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba taabu inatenda dhambi badala ya mtu. Yule binti, kama alimdhuru mtoto, alimdhuru yeye. Mama aliyetia sumu, ni mkono wake uliotia. Tukimwambia kwamba hakuwa na uchaguzi hata kidogo, tunamfanya kuwa kitu, na hatutaweza kumwita kwenye toba, kwa sababu kitu hakitubu. Wamama wanaotembelea gereza wametuambia jambo ambalo hatukulitazamia: wafungwa wengi hawapendi kuambiwa “si kosa lako”. Wanataka mtu akae, asikie habari yote tangu mwanzo, na asikatize katikati.

Lakini hatia si kama mkate, kwamba ukimkatia mwingine kipande, cha kwanza kinapungua. Yuda alipokiri, hatusomi kwamba alimwambia Tamari kuwa hakufanya neno. Alisema juu ya upande wake mwenyewe. Hilo ndilo tunaloona kuwa limekosekana katika mizani yetu: tunaweka sahanini kosa la mwanamke, na upande wa pili tunaweka sheria, na sisi wenyewe tunashika mizani kana kwamba hatukuwa njiani alipopita. Mchungaji aliyesema “vumilia”. Jirani aliyesikia kelele usiku akazidisha sauti ya redio. Tajiri wa riba anayetoa fungu la kumi kwa uaminifu. Wote hao wana upande wao wa kukiri, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa katika daftari.

Na tusidhani kwamba kumtoa mwanamke mikononi mwa kanisa na kumwachia buloko ni kumweka mahali salama pa kutubu. Sheria ya magereza ya mwaka 1965 inataka wanawake watengwe na wanaume, na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 ulitoa kanuni za pekee kwa wafungwa wanawake. Hata hivyo, Septemba 2020 katika gereza la Kasapa, Lubumbashi, wafungwa waliasi, na kwa muda wa siku tatu wanawake walibakwa mle ndani bila mtu wa kuwaokoa. Tarehe 27 Januari 2025, Goma ilipokuwa inaanguka, gereza la Munzenze lilivunjwa. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 150 walibakwa, na wengi wao wakateketea kwa moto. Wengine kati ya wanawake wa Goma walikuwa hawajahukumiwa bado. Hatujui ni wangapi waliingia mle kwa deni la ndagala au la maharagwe.

Tulimrudia yule mama mzee na majibu haya, tukamsomea karibu yote mnayoyasoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Juu ya hesabu alitikisa kichwa, juu ya Lombroso alicheka, juu ya Tamari alifumba macho. Kisha akauliza kama jina la yule binti limeandikwa tena katika daftari. Tulisema kwamba jambo lile litaangaliwa katika mkutano wa wazee. Akauliza kama mwanamume yule naye ataitwa kwenye mkutano huo. Tulisema ndiyo, ataitwa.

“Na mimi nitakuwapo?” akauliza.

Kwa desturi wamama hawaketi katika mkutano wa wazee. Tulitazamana. Mkutano ni Alhamisi baada ya ibada ya jioni, na tumemwekea kiti.